Printa ya leza ikigoma, isome karatasi kabla hujashika bisibisi

Jumatatu moja ya msimu wa mitihani, katibu muhtasi wa shule fulani alishuka kwenye bajaji mbele ya kibanda changu, printa mikononi, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Hii mashine imenishinda. Nimebadilisha rola mbili za kuvuta karatasi, nimejazisha wino, na vidoti viko palepale."

"Ukurasa wenye vidoti unao?"

"Ukurasa wa nini tena, na mashine yenyewe hii hapa?"

Ulikuwepo, ndani ya mkoba, umefungiwa maandazi. Nikaukung'uta, nikautandaza mezani, nikaazima rula ya mwanangu. Kutoka kidoti hadi kidoti, milimita 38. Kinachofuata, 38. Mpaka chini ya ukurasa ni 38 tu. Kitu cha duara kinachomaliza mzunguko kila milimita 38 kina kipenyo cha milimita 12, na katika printa ile chenye unene huo ni rola ndogo ya kuchaji, iliyojificha ndani ya katriji, kile kisanduku cha wino. Nikaifungua. Punje ya gundi, ndogo kuliko ufuta, imeng'ang'ania kwenye mpira. Kumbe wiki mbili nyuma kuna mwalimu aliprinti lebo za stika zilizokuwa zimebanduka pembeni. Nikaifuta kwa kitambaa laini, yakaisha. Zile rola mbili alizozinunua hazikuwa na kesi yoyote.

Maelezo haya ni ya printa za leza, zinazotumia wino wa unga, yaani tona. Za wino wa maji zina maradhi yake. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: ukurasa ulioharibika unaeleza wenyewe umeharibikia hatua gani. Ukishaijua hatua, vifaa vya kushuku vinabaki viwili au vitatu, na pesa yako inabaki mfukoni.

Hatua sita, tangu 1938

Tarehe 22 Oktoba 1938, kwenye chumba kidogo cha Astoria, eneo la Queens jijini New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bati la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso ya pamba mpaka likashika chaji ya umeme. Wakaweka juu yake kipande cha kioo kilichoandikwa "10-22-38 ASTORIA", wakakimulika kwa taa sekunde chache. Wakanyunyiza unga laini wa likopodiamu, wakapuliza, na maandishi yakabaki pale ambapo taa haikupiga. Kisha wakakandamiza karatasi ya nta, ikabeba unga, wakaipasha moto ili unga ushike. Carlson alikuwa mtu wa ofisi ya hataza, aliyechoka kuona michoro na nyaraka zikinakiliwa kwa taabu.

Printa iliyo mezani kwako inafanya yaleyale. Inachaji, inamulika, inapaka unga, inahamisha unga kwenye karatasi, inaupasha moto, kisha inasafisha mabaki ili ianze upya. Leso imekuwa rola ya mpira inayoipa dramu chaji hasi ya mamia ya volti. Taa imekuwa mwale wa leza. Bati la salfa limekuwa bomba la alumini lililopakwa tabaka jembamba linalobadilika likiguswa na mwanga, nasi tunaliita dramu. Wazo lilijithibitisha siku moja, lakini kulifanya lisikosee mara elfu kwa elfu kulichukua zaidi ya miaka 20. Xerox 914, mashine iliyoliingiza maofisini kwa kweli, ilitangazwa 1959.

Jaribio la nusu njia

Hili ndilo jaribio ninalolifanya kabla ya lingine lolote, na halihitaji kifaa. Tuma ukurasa wenye maandishi mengi. Karatasi ikifika katikati ya mashine, fungua kifuniko cha katriji. Printa itakata. Chomoa katriji taratibu, inua kile kifuniko kidogo cha dramu, utazame sehemu ambayo haijagusa karatasi.

Ukiona maandishi meusi, kamili, yamekaa vizuri kwenye dramu, basi kuchaji, kumulika na kupaka unga vyote ni salama. Shida iko mbele: kuhamisha au kupasha moto. Ukiona kasoro tayari iko juu ya dramu, iwe doa, mstari au weupe, basi achana na fyuza, yaani kile kipasha moto, na rola ya kuhamishia, hazihusiki. Nimeona watu wananunua fyuza kwa bei ya simu nzuri kwa sababu hawakufungua kifuniko.

Usiiguse dramu kwa kidole, na usiiache juani. Ni ngozi ya kuhisi mwanga. Dakika mbili tatu ndani ya ofisi hazidhuru, lakini ukienda kunywa chai ifunike kwa gazeti.

Mweusi tii, au mweupe pe

Ukurasa mzima ukitoka mweusi watu hudhani tona imemwagika. Sivyo. Katika printa ya leza, mwale huchora palipo na herufi, na unga hukimbilia pale ambapo chaji imepungua. (Kwenye kile kioo cha Carlson na mashine za zamani za kopi ilikuwa kinyume: mwanga ulifuta pasipo na maandishi.) Kwa hiyo dramu isipochajiwa kabisa, yote inahesabika kuwa herufi, na unga unajaa kote. Mshukiwa wa kwanza ni rola ya kuchaji, na kabla yake vile vyuma vidogo vya pembeni mwa katriji vinavyopokea umeme kutoka kwenye mashine. Vifute kwa kitambaa kikavu. Mara nyingi ni unga uliovifunika, hasa baada ya kujazisha wino mtaani.

Ukurasa mweupe una orodha ndefu zaidi, lakini jaribio la nusu njia linaifupisha. Dramu ina maandishi na karatasi haina: rola ya kuhamishia haipati umeme, au imetoka kwenye kiti chake. Dramu haina kitu: ama leza haimuliki, ama unga haupakwi. Na ikiwa katriji ni mpya, usinitafute kabla hujahakikisha umevuta ule utepe wa plastiki pembeni. Nimelipwa nauli ya kwenda na kurudi kwa kuvuta utepe huo, na sikujisikia vizuri, ila nauli niliichukua.

Rula

Kasoro inayojirudia kwa umbali uleule inatoka kwenye kitu cha duara. Pima kutoka alama hadi alama, gawa kwa 3.14, utapata kipenyo cha mkosaji. Dramu za printa nyingi ndogo zina kipenyo cha milimita 24, kwa hiyo alama hurudi kila milimita 75 hivi. Zilizo kubwa kidogo zina 30, alama hurudi kila 94. Rola ya kuchaji, kama ile ya mama wa maandazi, ni karibu 38. Rola ya kupakia unga na ya fyuza hutofautiana kwa kila aina ya mashine, na vitabu vya mafundi vya kampuni huwa na rula ya namna hii tayari.

Rula hiyo inamaliza hata ubishi wa kivuli, yaani herufi kuonekana tena kwa hafifu chini kidogo ya mahali pake. Kivuli kikirudi kwa mzunguko wa dramu, dramu haisafishwi sawasawa au imechakaa. Kikirudi kwa mzunguko wa fyuza, unga unanata kwenye fyuza na kubandikwa tena raundi inayofuata.

Ukurasa wa kijivu, na habari ya kujazisha

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu nusu ya kazi zangu zinatoka hapa.

Mwaka 1984 HP ilitoa LaserJet ya kwanza, ndani yake mkiwa na injini ya Canon, kurasa 8 kwa dakika, nukta 300 kwa inchi. Mashine za namna hiyo kabla yake zilikuwa za vyumba maalumu, na fundi ni mgeni wa kila mara. Ujanja wa Canon ulikuwa kuchukua vyote vinavyochakaa haraka, dramu, kifaa cha kuichaji, wembe wa kusafishia na unga wenyewe, na kuvifungia ndani ya katriji moja. Unga ukiisha, unatupa vyote pamoja. Hawakujaribu kuifanya dramu idumu milele. Walihakikisha inaondoka kabla haijaleta aibu. Karani yeyote anakuwa fundi kwa dakika moja.

Sisi huku hatutupi. Tunatoboa, tunajaza, tunaziba kwa gundi. Sisemi usijazishe, bei ya katriji halisi tunaijua sote. Lakini ujue unafanya nini: unaweka unga mpya juu ya dramu kuukuu na wembe mkuukuu. Wembe ule hukwangua mabaki ya unga kutoka kwenye dramu na kuyasukuma kwenye kisanduku cha taka. Mjazaji asiyemwaga kisanduku hicho anakuachia katriji itakayotema unga kwenye kingo za karatasi ndani ya wiki. Muulize: "Taka umemwaga?" Akikuangalia kama umemtukana, chukua katriji yako uondoke.

Ukijivu wa ukurasa mzima una chanzo kingine: unga usio wa mashine hiyo. Tona si masizi. Ni punje za plastiki zenye rangi, ndogo za mikromita chache tu, na zimetengenezwa zishike kiasi fulani cha chaji na kuyeyuka kwa joto fulani. Unga wa "mashine zote" unaweza kushika chaji kidogo mno, ukawa unarukia hata pasipo na herufi. Matokeo yake ni karatasi kama iliyopitiwa na moshi wa koroboi. Kwangu mimi kujazisha mara mbili kwa unga sahihi ni sawa, ya tatu badilisha dramu na wembe, ya nne nunua katriji.

Na ukimwagikiwa, tumia kitambaa kikavu kisha maji baridi. Maji ya moto yanaupikia unga kwenye shati.

Wino unafutika kwa kidole

Sugua ukurasa uliotoka sasa hivi. Maandishi yakichafuka, fyuza haikufanya kazi yake. Kabla ya kuilaumu, angalia mpangilio wa aina ya karatasi kwenye kompyuta. Ukichapisha vyeti kwenye karatasi nene huku printa inadhani ni ya gramu 80, itaipitisha haraka na moto hautaingia. Chagua karatasi nene, itapunguza mwendo.

Ikiwa mpangilio uko sawa, tazama namna inavyofutika. Ukifutika mstari mmoja tu kutoka juu hadi chini, utando wa fyuza umechanika au umekwaruzwa mahali hapo. Printa nyingi za leo hazina tena taa nzito ya kupasha bomba. Zina kipande cha seramiki na utando mwembamba unaozunguka juu yake, ndiyo maana zinaamka kwa sekunde chache. Wembamba huo ndio uliotuletea wepesi, na ndio unaochanika kwa pini moja ya stepla iliyoingia na karatasi iliyotumika upande mmoja. Maofisi yanayobana matumizi kwa kuprinti nyuma ya barua za zamani, haya ni yenu.

Ukifutika kote, fikiria umeme. Fyuza ndiyo inayokula umeme kuliko kifaa kingine chochote ndani ya printa, mamia ya wati kwa mkupuo. Utaona taa za ofisi zikipepesa kila inapoanza kupasha. Umeme ukiwa mdogo jioni, fyuza inachelewa kufika kwenye joto lake, ambalo huzidi nyuzi 180 za Selsiasi. Kwa sababu hiyohiyo usichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Ule mlio wa pii-pii kila ukiprinti ni UPS inalia kwa haki.

Tahadhari moja haina mzaha. Ile Xerox 914 ilikuwa na tatizo la karatasi kukwama karibu na kipasha joto na kuungua, mpaka kampuni ikaweka kizima moto kidogo na kukipa jina la kistaarabu, "kiondoa mwunguzo". Tangu hapo wahandisi wameweka sensa ya joto, na juu yake swichi ya usalama inayokata umeme joto likipita kiasi. Kuna mafundi wanaoiruka swichi hiyo kwa waya ili "mashine iwake". Itawaka kweli. Swichi ikikata, kuna sababu, itafute.

Mistari na herufi zinazocheza

Mstari mweusi mwembamba unaotelemka ukurasa mzima ni mkwaruzo kwenye dramu au wembe uliokatika. Mstari mweupe ni njia ya mwanga iliyozibwa na vumbi, au unga uliojikusanya upande mmoja wa katriji. Itoe, itikise polepole kushoto kulia mara tano, irudishe. Ikisaidia, agiza nyingine, hiyo inaelekea kwisha.

Herufi zikipinda, au mashine ikipiga mluzi kabla ya kila ukurasa, angalia kioo kinachozunguka ndani ya kisanduku cha leza, kile kinachoutembeza mwale juu ya dramu. Gary Starkweather, aliyebuni printa ya leza akiwa Xerox, aliona haraka kuwa mwale ukipigwa kwenye kioo chenye pande nyingi, upande mmoja ukiinama hata kidogo mno, mistari inapishana. Kunoa vioo kwa usahihi huo kungefanya mashine isiuzike. Akaweka lenzi ya silinda inayourudisha mwale mahali pake hata kioo kikiyumba. Wakubwa wake kwenye maabara ya Xerox ya Webster hawakulipenda wazo la leza, akahamia PARC, kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto mwaka 1971, na mwaka 1977 ikatoka Xerox 9700, kurasa 120 kwa dakika.

Lenzi ya Starkweather haikutarajia barabara ya vumbi dirishani, wala mjusi kafiri. Huku pwani wanapenda joto la printa usiku. Nimewakuta wakavu kama dagaa kwenye gia, na mara moja yai juu ya kioo. Kisanduku cha leza kikifunguliwa, umeme uwe umechomolewa. Mwale huo huwezi kuuona, lakini jicho lako linaweza kuumia.

Karatasi kukwama

Printa haijui kama karatasi imekwama. Inajua saa tu. Njiani kuna vimkono vidogo vya plastiki vinavyosukumwa na karatasi ikipita, na mashine inahesabu. Karatasi ilitakiwa ifike kimkono cha pili ndani ya muda fulani. Ikichelewa, au isipoachia kimkono kwa wakati, inatangaza kukwama. Ndiyo maana unafungua kila mlango na huoni kitu. Kimkono kimevunjika, au kipande cha karatasi sawa na ukucha kimekilalia. Chukua tochi, visukume kimoja kimoja kwa penseli, vyote virudi vyenyewe.

Karatasi ikikwama mwanzoni, kwenye trei, ni habari ya msuguano. Mpira wa rola lazima ushike karatasi kuliko pedi ya chini inavyoishika, na pedi lazima iishike kuliko karatasi zinavyoshikana zenyewe. Mpira ukipata mng'ao kama sahani, au ukijaa vumbi la chaki, hauvuti. Pedi ikichakaa, zinaingia tatu kwa pamoja. Futa mpira kwa kitambaa chenye maji kidogo. Petroli na thina vinaupa uhai wa siku mbili, kisha unapasuka.

Ikikwama mwishoni, ikatoka imekunjamana kama kinanda cha mkono, tazama fyuza na karatasi yenyewe. Rimu iliyofunguliwa na kuachwa Tanga au Mombasa mwezi wa nne imekunywa unyevu. Moto wa fyuza unautoa unyevu huo ghafla, upande mmoja kabla ya mwingine, karatasi inajikunja na kukosa njia. Karatasi hiyohiyo yenye unyevu huvujisha chaji wakati wa kuhamisha unga, kwa hiyo maandishi yanatoka yamefifia kwa mabaka. Dalili mbili, chanzo kimoja, na mtu ameshabadilisha katriji bure. Fungua rimu mpya, weka karatasi 20, jaribu. Ikikubali, mgonjwa ni stoo yako. Lile ganda la rimu limewekewa tabaka la kuzuia unyevu, usilichane lote. Chukua za leo, likunje, weka kabatini mbali na sakafu.

Unapoitoa iliyokwama, vuta kwa mikono miwili kuelekea upande ilikokuwa ikienda, taratibu. Ikiwa imeingia fyuza, zima, chomoa, subiri nusu saa.

Kama yote hayo yameshindikana na unaileta kwangu, lete na kurasa tatu zilizotoka mfululizo, uandike kwa kalamu ipi ilitoka kwanza na upande upi ulitangulia kutoka. Usizikunje. Na maandazi yafungie kitu kingine.